Mlio wa Waya

Injini ilimzimikia mvuvi karibu na kisiwa, mkondo ukaisukuma boti yake ya kijani hadi gatini. Thora, mlinzi wa kisiwa, aliijua sauti kabla hajaiona sura.

"Mama mlinzi! Nipokee basi, baridi inaniua!"

Ndiyo sauti iliyomcheka kwenye redio ya boti kiangazi kilichopita. "Paka wako wamezidi kunilia samoni, mama. Leo nimekupunguzia mmoja."

Siku ile Thora alimkuta mmoja wa “paka” hao, jike la simba bahari, mwambani, tundu la risasi shingoni. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya, na shakwe walikuwa wamekwisha kumdonoa mama macho.

Kutoka gatini hadi nyumbani kulikuwa na njia ya mbao. Kandokando yake, nyuma ya waya wa umeme, walilala madume ya simba bahari, kila mmoja mzito kama gari. Waya ulilia tik, tik, tik. Kila asubuhi Thora aliugusa kwa jani bichi, na mtekenyo wa umeme ukimpanda vidoleni alijua waya unafanya kazi. Madume nao walizoea kuusikiliza mlio ule; maadamu ulilia, hawakuusogelea waya.

"Pita tu," akamwambia mvuvi kutoka mlangoni pa nyumba. "Chai iko jikoni."

"Paka wako hawatanirarua?"

"Wanauogopa waya."

Mvuvi akacheka kicheko kilekile, akaanza kuja.

Thora alimngoja afike katikati ya njia. Kisha akapeleka mkono nyuma ya mlango, kwenye swichi ya waya.

Mlio ukakatika. Dume la karibu likainua kichwa.