Fundo la Mkono wa Kushoto

"Nionyeshe tena," Clovis alisema. "Polepole."

Léonidas akacheka. Walikuwa wawili tu ndani ya mashua ya makasia, katikati ya ziwa, Jumamosi asubuhi, maghorofa ya mtaa wa Alby yakichungulia juu ya miti. Walikuwa wamejuana kanisani tangu Pasaka. Clovis alikuwa dereva wa basi, Léonidas msafishaji wa hospitali, na wote wawili waliingia Sweden kama wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo.

"Tazama basi, ndugu, mon frère." Alipitisha mshipi kwenye tundu la chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia chambo, akakiacha kiteleze. Kisha akafunga ndoana. Mizunguko mitatu, ncha ikarudi chini mara mbili, akalilowesha fundo kwa mate, akavuta. "Hii fundo naweza kufunga hata macho imefunikwa."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu. Niliijulia mu vita, kule kwetu. Tuache ile maneno."

Alikata mshipi uliozidi kwa magego, maana meno ya mbele hakuwa nayo, na vijana wa kwaya walimtania kila Jumapili kwa ajili hiyo. Akachukua mnyoo wa plastiki, laini, wa zambarau, akauchoma kichwani, akaitokeza ndoana chini kidogo ya kichwa, akaigeuza na kuificha ncha yake tumboni mwa mnyoo.

"Hivi haishike majani. Abborre, ile samaki ya huku, anaona munyoo tu. Ndoana anaijua wakati imeshamwingia."

Clovis hakuwa akiutazama mnyoo. Alikuwa akilitazama fundo, na damu ilikuwa ikimchemka. Wiki iliyopita, walipovua ukingoni, aliliona kwa mara ya kwanza na kujiambia kwamba macho yanamdanganya. Leo hayakumdanganya.

Miaka ishirini na miwili nyuma, watu kumi na mmoja walilazwa kifudifudi kwenye matope ya kiwanja cha kanisa, mchana, mvua ikinyesha. Walikuwa wamebanana, macho yamefunikwa kwa matambara, mikono imefungwa nyuma, kila mkono na fundo lake. Mdogo wake Clovis, Bruce, alikuwa wa kwanza. Clovis alilisikia panga likimshukia. Alimsikia pia Bruce akimwita.

Hapo ndipo mtu aliyelala nyuma yake alipoanza kuhangaika na fundo la mkono wake wa kulia. Ilichukua muda mrefu mno. Likafunguka. "Kimbia," mtu yule alisema, na Clovis akakimbia. Hakugeuka kumfungua mwenzake. Nyuma yake alisikia mayowe, kisha risasi. Hata uso wa mtu yule hakuwahi kuuona, na aibu hiyo ilimtafuna kuliko kifo cha Bruce.

Fundo la mkono wa kushoto alikimbia nalo hadi mpakani, ambako muuguzi aliikata kamba kwa mkasi. Clovis alikihifadhi kile kipande chenye fundo. Alilijua fundo lile kuliko alama za mkononi mwake. Wote waliofungwa nalo walikufa nalo, ndivyo alivyoamini. Aliyebaki kulijua ni yule aliyelifunga.

Sasa Clovis alikitoa kipande kile mfukoni. "Na hili unalijua?"

Léonidas aliitazama kamba. Mnyoo ukamdondoka.

"Ulikuwa kule?" aliuliza. "Wewe, ulikuwa kule?"

Hofu ya mwenye dhambi, Clovis aliwaza, na rungu la kuulia samaki likampata Léonidas chini ya sikio.

Mashua iliyumba, maji yakaingia. Pigo la pili lilimvunja vidole alipoinua mkono kujikinga. Ndoana ilikuwa imemzama Léonidas kiganjani, mshipi ukiwazonga wote wawili. Alikuwa mtu wa miraba minne, na kama angetaka angemtupa Clovis majini, lakini alizidi tu kuinua mikono.

"Ngoja, bana, ngoja kwanza..."

Clovis alikuwa amengoja vya kutosha. Alimkalia kifuani. "Hii ni ya Bruce!" Rungu likashuka, mfupa wa pua ukavunjika. Akapiga tena, na tena, akilia kwa sauti, bila kujua kama analia kwa hasira au kwa furaha. Rungu likamponyoka. Akapapasa sakafu ya mashua mpaka akakishika kisu cha kupasulia samaki.

"Na hii ni ya yule aliyelala nyuma yangu! Aliyenifungulia mkono, nanyi mkamuua!"

Kisu kikazama chini ya mbavu hadi mpini.

Léonidas akaacha kuhangaika. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. La pili lilifunguka wazi, likamtazama Clovis kwa muda mrefu. Clovis alisubiri aombe msamaha. Alitaka kuusikia ili aukatae.

Badala yake, vile vidole vilivyovunjika vilipanda polepole, vikalishika shati la Clovis kwenye mkono wa kushoto, vikalisukuma juu. Vikapapasa kovu la kamba, pande zote.

"Ya kushoto ilinishinda," Léonidas alisema, damu ikimtoka kwenye pengo. "Meno iliisha." Akatabasamu. "Kumbe ulifika."