Kibanio cha Mwisho

"Funga!" daktari aliamuru.

Muuguzi hakufunga. Mpini wa kibanio, kidude cha chuma cha kubana mshipa unaovuja, ulikuwa kiganjani mwake na macho yake hayakubanduka kwenye skrini ya kamera iliyopitishwa kinywani mwa mgonjwa kwa mpira mrefu. Humo, ndani ya tumbo la fundi mwashi aliyekuwa akitapika damu tangu asubuhi, mshipa mwembamba kama uzi ulikuwa ukirusha damu katikati ya kidonda.

Vibanio viwili vilikwisha kuteleza. Hiki kilikuwa cha mwisho, na meno yake yalikuwa yamekaa pembeni ya mshipa.

"Nimesema funga! Huyu mtu anatufia."

"Sifungi, daktari. Umeukosa."

"Kwani hapa daktari ni nani?"

"Ni wewe. Ila mkono ulioshika mpini ni wangu, na haufungi mpaka nione mshipa umeingia."

Jasho lilimtiririka daktari hadi ndani ya barakoa. Alimkata muuguzi jicho la hasira, kisha akausogeza mpira wa kamera kushoto, taratibu, kiasi cha upana wa ukucha. Maji yakaosha damu. Meno ya kibanio yakaukumbatia mshipa pande zote mbili.

Muuguzi akafunga kabla hajaambiwa. Mpini ukalia ta!

Daktari akamwaga maji mara moja, akamwaga tena. Mara hii yalibaki meupe.

"Tutaongea huko nje," alisema, sauti ikimkwaruza.

"Tutaongea," muuguzi akajibu, macho bado kwenye skrini. "Osha tena."