Kiwanja Kiko Wazi

"Kiwanja kiko wazi, karibu utue," Auleria alimwambia rubani kwa redio ya mkononi. Alikuwa ametoka kufukuza mbuzi watatu kwenye njia ya ndege.

Alipogeuka, ng'ombe walikuwa wanaingia upande wa pili, ambao hakuwa ameutazama kwa dakika nzima. Walipita nyuma ya mwinuko, mahali ambapo rubani asingewaona mpaka magurudumu yaguse changarawe.

Akabonyeza kitufe. "Usitue! Kuna ng'ombe! Panda juu!"

Hakusikika. Rubani alikuwa amesahau kidole kwenye kitufe chake, na mmoja akishikilia, mwenzake hasikiki. Auleria alimsikia waziwazi akimwambia abiria wake, "Ile migomba yote ni kijiji cha Kirushya, dada. Tumefika."

Akabonyeza tena na tena mpaka kucha ikamwuma. Kisha akaichomeka redio kifuani, akafungua kitenge kiunoni, akakimbilia katikati ya njia akikipunga kwa mikono miwili. Ndege ikampita juu ya kichwa ikizidi kushuka, upepo wake ukampokonya kitenge.

"Umemwona yule mama?" rubani alisema kwenye redio, akicheka. "Huku ndivyo wanavyotupokea."