Kidole cha Mwisho

"Watu wa jina hilo hawajawahi kuishi hapa," nilimwambia Mmarekani mlangoni.

Akanionyesha cheti cha ubatizo cha babu yake, kilichonakiliwa kutoka daftari la parokia yetu hapa Mayo. Babu huyo, mzaliwa wa kwanza wa nyumba hii, alihamia Boston. Shamba akarithi mdogo wake, babu yangu mimi. Hayo nayajua tangu utotoni.

"Sitaki kitu, mzee. Natafuta ndugu tu."

Wote husema hivyo. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimejikunja kiganjani, hakinyooki. Haraka nikautia mkono wangu wa kushoto mfukoni.

"We Fintan, una wazimu?" dada yangu akafoka kutoka jikoni. "Mgeni unamsimamisha mlangoni? Mkaribishe, mmiminie chai!"

Birika letu halinyanyuliki kwa mkono mmoja.