Hodi ya Mtoni

Bi Raya alishuka mtoni na kufuli jipya mkononi. Njia pekee ya kufika majini ilipita shambani kwake, katikati ya mihogo, na ugomvi wa wavuvi na wapiga kasia ulikuwa umemchosha. Leo angefunga lango la shamba, wakose wote.

“Funga tu, Bi Raya,” alisema Mzee Shomvi, ufito wa kuvulia mkononi. “Vitumbwi vyao vya plastiki vinatukatia mishipi, na salamu hawana.”

“Na wewe uliyewarushia matope jana, unazo?”

Mzee akautupa mshipi wake hadi ng’ambo ya pili.

Mara kitumbwi chekundu kikachomoza konani. Binti aliyekuwemo akaona mshipi umekatiza mto. Akalilaza kasia mapajani, akaacha maji yamsukume taratibu.

“Hodi, babu!”

Bi Raya akashtuka. Hodi, majini! Kama mtu aliyesimama mlangoni.

Mzee akaukaza mshipi.

“Hodi ya pili, babu. Ya tatu isipoitikiwa nageuza, narudi nilikotoka.”

Kufuli lilikuwa limeshapata joto kiganjani mwa Bi Raya.

“Hodi!”

Ndipo ncha ya ufito wa Mzee ikaanza kupanda, polepole, mshipi ukidondosha matone juu ya maji, kitumbwi kipate kupita chini yake.