Kabureta za Mkaguzi

Injini ilizima tena palepale getini, na gari likabaki nusu uani, nusu barabarani, kama ng'ombe aliyekataa zizi.

Mkaguzi alishuka bila haraka. Kushuka kwenyewe kulitaka ustadi, maana gari halikuwa na milango. Lilikuwa fremu ya vyuma vyembamba, viti viwili na bodi la faiba ambalo watu wawili wangeweza kulibeba. Lilimjia vipande vipande ndani ya masanduku, akaliunga mwenyewe, kisha akalitia injini ya pikipiki kubwa.

"Uzito mdogo, nguvu nyingi," aliwaambia majirani waliokuja kusukuma. Kwenye uzito, majirani walikubaliana naye.

Alifungua kifuniko cha tangi kuhakikisha mafuta yapo. Yalikuwepo. Akainamia kabureta, akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza, akairudisha kidogo zaidi. Alipowasha, injini ilinguruma vizuri.

"Mmeona? Ni mchanganyiko wa hewa na mafuta tu."

Ikanguruma mpaka kwenye kona, ikazima.

Mtu huyu alikuwa amestaafu kazi ya kukagua mizani ya madukani, na mwanzo wa mapumziko yake aliutumia jikoni, nyuma ya mgongo wa mkewe. Alipima chumvi. Alipanga upya sufuria. Alimweleza mkewe, aliyekuwa akipika tangu utotoni, namna sahihi ya kushika kisu. Kisha masanduku yakafika, akahamia uani. Sasa nguo zilianikwa kati ya mabomba ya moshi, meza ya kulia ilinuka petroli, na mkewe, kila gari liliposukumwa kurudi nyumbani, alimpelekea chai na kumwambia, "Pole, baba watoto. Leo limefika mbali kidogo."

Dada wa mwanamke huyo alikuwa na gereji ya pikipiki mtaa wa pili, na mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Mara kadhaa alijitolea kuitazama injini ile. Mkaguzi, mtu wa kufa na tai shingoni, alimkatalia kwa heshima zote.

"Shemeji, wewe ni mtu wa pikipiki. Hili ni gari."

"Na injini ni ya nini?"

"Ilikuwa ya pikipiki."

"Mwache, dada," mkewe aliingilia. "Atafika tu."

Dada alimtazama mdogo wake kwa uchungu. Nyumba imegeuka gereji, na bado anamtetea.

Asubuhi moja Mkaguzi alipanda basi kwenda kutafuta jeti za kabureta zenye tundu kubwa zaidi la kupitishia mafuta. Dada hakungoja kualikwa. Alikuja na mfuko wake wa spana.

"Usijisumbue," mdogo wake alimwambia kutoka mlango wa jikoni. "Akijua imeguswa atanuna."

"Anune. Siwezi kukuacha uozee kwenye moshi huu."

Aliwasha injini, akaiacha iungurume mpaka ikakohoa na kuzima. Akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyeachiwa pua. Dada akatabasamu. Kabureta hakuzigusa. Alifuata kimpira chembamba ambacho tangi hupumulia, kutoka juu mpaka kilipojificha chini ya kiti, akachokonoa kwa waya. Kikatoka kidonge cheupe.

Alipowasha tena, alitoka getini, akapita kona, akafika madukani na kurudi bila injini kukohoa hata mara moja. Alishuka nywele zimemsimama, anacheka.

"Hazikuwa kabureta hata siku moja. Tangi lilikuwa limezibwa pumzi. Kila akilifungua kuangalia mafuta, linavuta hewa, anadhani amepatia." Kisha akaacha kucheka. "Lakini tazama hii. Nta ya mshumaa. Haikuingia yenyewe, mdogo wangu. Kuna mtu anamfanyia mumeo ubaya."

Mdogo wake aliipokea nta, akaiangalia, akaifinyanga kati ya vidole mpaka ikalainika. Kisha akamrudishia mkononi.

"Nisukumie ndani zaidi kidogo, dada," alisema. "Waya wangu mimi ni mfupi."