Kiungo cha Chini ya Sinki

Fundi Spana alikiacha makusudi. Mabomba yote ya nyumba ile aliyang'oa, kuanzia tangi la juu mpaka koki ya uani, akatia mapya ya kijani. Lakini kiungo kimoja cha plastiki ya kijivu, chini ya sinki la jikoni, nyuma kabisa ambako mkono hufika kwa taabu, alikipita kama hakukiona. Akarudisha ubao wa kabati, akakaza skrubu mbili, akajifuta jasho.

Mtu mzima, fundi bomba wa miaka na miaka, anafanya uhuni kama huo? Msimcheke bado.

Alihamia mtaa ule miaka mitatu nyuma, alipofiwa na mkewe, akaenda kukaa kwa binti yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa Mwalimu, mjane mstaafu aliyeishi peke yake. Kila mtu alimwita Mwalimu, na Spana naye akamwita Mwalimu, asiulize zaidi. Mabomba ya nyumba yake yalikuwa yale ya kijivu yaliyosifiwa sana zamani. Sasa yalikuwa yamekauka kama mifupa, viungo vinapasuka bila hata kuguswa. Leo bafuni, kesho darini.

"Haya si ya kuziba tena, Mwalimu. Ni ya kung'oa yote," alimwambia siku ile ya kwanza.

"Tutaona, Fundi. Leo nizibie hicho tu."

Akaziba, akanywa chai. Alhamisi iliyofuata simu ikalia, akaziba kingine, akanywa vikombe viwili. Ikawa ndiyo desturi, kila Alhamisi. Kufika mwaka wa pili, habari ya kung'oa alikuwa ameshaisahau, na shati la kazi alikuwa analipiga pasi.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda kumshikia tochi, na kivuli hakikuanguka hata mara moja mahali pa kazi. Spana, kichwa chake kikiwa ndani ya kabati, alipenda kumwelimisha.

"Hii sasa, Mwalimu, inaitwa koki. Ukiizungusha hivi, maji yanafunga."

"Alaa! Kumbe!"

"Na hapa nitahitaji ile…"

Kabla hajamaliza, spana namba kumi na saba ilikuwa kiganjani mwake. Bahati tu, alijisemea.

"Usikaze sana, Fundi. Plastiki kuukuu haitaki hasira."

Spana alicheka mpaka akajigonga kichwa. "Kila mtu na kazi yake, Mwalimu! Wewe chaki, mimi spana."

"Ni kweli kabisa," akasema Mwalimu, akaenda kutazama birika.

Mambo yaliharibika mwana wa Mwalimu alipokuja likizo. Yuko mezani anakula, dari ikamchuruzikia sahanini.

"Mama, yatolewe yote. Wiki hii hii."

Mwalimu akatazama sakafu. Spana naye akatazama sakafu.

Kazi ilichukua siku sita. Siku ya sita alifungulia maji, akasimama katikati ya jikoni akisikiliza. Hakuna tone. Badala ya kufurahi, baridi ilimwingia moyoni. Nyumba isiyovuja ina shida gani na fundi? Alimpenda mama yule, basi, na hakuwa na njia nyingine ya kuingia mlangoni kwake zaidi ya begi la vifaa. Ndipo alipokiacha kile kiungo.

Alhamisi ya kwanza alivaa, akaiweka simu mbele yake. Haikulia. Ya pili, vilevile.

"Baba, hiyo simu si yai," binti yake akamwambia. "Hata ukiiatamia, haitatotoa."

Ya tatu dhamiri ikaanza kumsuta kwelikweli. Akaona maji yakifumuka, sakafu imelowa, Mwalimu ameteleza, hakuna hata wa kumwinua. We mzee, una wazimu, alijiambia.

Alhamisi ya nne akatwaa begi, akaenda bila kuitwa. Alikuwa amekata shauri: atakiri, atakibadilisha, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe.

Mlangoni ujasiri ukamwishia. "Nimekuja kukagua tu, Mwalimu."

"Kagua, Fundi. Jikoni unapajua."

Akapiga magoti, akafungua ubao, akamulika. Kiungo cha kijivu hakikuwepo. Mahali pake palikaa kiungo kipya cha kijani, kimechomelewa kwa usafi ambao yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hajawahi kuufikia.

Toba ikamtoka, wivu ukaingia. Kumbe kuna fundi mwingine! Na huyo naye kanyweshwa chai, kashikiwa tochi?

"Mwalimu," akaita kutoka kabatini, "ni nani aliyepita hapa?"

Akasikia droo ikifunguliwa, kisha kitu kizito kikiwekwa mezani. Alipotoa kichwa, akaona mashine ya kuchomelea mabomba, kuukuu kuliko yake, mpini umelika kwa kushikwa miaka mingi. Kando yake, juu ya kisosi, kimelala kiungo chake cha kijivu.

"Nimefundisha ufundi bomba chuoni miaka thelathini na mmoja," akasema Mwalimu, akimimina chai, "na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuniachia kiungo kibovu. Haya, nawa mikono. Na Alhamisi ijayo, tafadhali, uje bila begi."